Barua za Sinema: Mzee Laing alimpigania nani?

Barua za safari hii karibu zote ni za mkanda mmoja, Skin, niliougusia toleo lililopita, kwa hiyo nimeupa ukurasa mzima. Wale wa tamthilia za Kituruki mnivumilie hadi mwezi ujao.

Kwa asiyeiona: ni filamu ya 2008, mwongozaji ni Anthony Fabian, na kisa ni cha kweli. Sandra Laing alizaliwa 1955 huko Piet Retief, mashariki ya Transvaal, Afrika Kusini. Baba yake Abraham na mama yake Sannie walikuwa Makaburu wenye duka, wafuasi wa chama kilekile cha National kilichotunga sheria za ubaguzi. Mtoto akatoka na ngozi ya maji ya kunde na nywele za kipilipili. Nyumbani alikuwa binti yao, hapakuwa na mjadala. Alipopelekwa bweni la Wazungu, wazazi wa wenzake wakanung'unika, na mwaka 1966, akiwa na miaka 10, akaondolewa shuleni chini ya ulinzi wa polisi na kuandikwa chotara. Baba akaingia mahakamani. Mwaka 1967 mtoto akarudishiwa Uzungu wake. Kabla hajawa mtu mzima akatoroka na muuza mboga mweusi, Petrus, wakavuka mpaka kwenda Swaziland, na baba akamfungia mlango mpaka yeye mwenyewe anaingia kaburini. Sam Neill ndiye baba, Alice Krige mama, Sophie Okonedo ni Sandra mkubwa, na kale katoto kalikowaliza wengi wenu ni Ella Ramangwane.

Sasa barua.

Shikamoo Mwalimu. Hapa saluni tumegawanyika. Wenzangu wanasema huyo mama alitembea nje, filamu inamsitiri tu. Wazungu wawili wanazaaje mtoto mweusi? Tuamue. — Msusi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mnayoyasema saluni ndiyo yaliyosemwa Piet Retief. Sannie Laing aliishi miaka mingi na mdomo huo mgongoni kwake.

Anza mbali kidogo. Waholanzi walitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Haukupita muda wakaanza kuleta watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na Wakhoi walikuwa pale kabla yao wote. Mabwana walizaa na watumwa, wengine kwa ndoa ya kanisani kabisa. Wajukuu waliotoka weupe wakaingizwa katika koo za Kizungu, waliotoka weusi wakaachwa nje, na vizazi vikapita kila mtu akijifanya hakumbuki. Nayo rangi ya ngozi haikai mahali pamoja mwilini. Ni mambo mengi madogo madogo yanayorithiwa kwa baba na kwa mama, yanaweza kutawanyika vizazi kadhaa bila kuonekana, kisha yakakutana kwa mtoto mmoja. Katika filamu mtaalamu anasimama na kusema hadharani kwamba damu ya Kiafrika imo katika Makaburu wengi, na ukumbi unachafuka. Abraham alipimwa damu. Vipimo vya enzi zile havikuwa na uwezo wa kuthibitisha ubaba kama DNA ya leo. Viliweza kuukanusha tu, na havikuukanusha.

Waambie shoga zako hivi: laiti Sannie angekuwa ametembea nje, mji mzima ungelala usingizi. Mwanamke mmoja kaharibika, yamekwisha. Walikosa usingizi kwa sababu hakutembea. Kama mtoto wa Laing anaweza kutoka vile, basi wa jirani pia anaweza, na wa mchungaji, na wa waziri.

Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi na mume wangu twaitazama mara ya pili sasa na bado twabishana. Yeye asema yule mzee ni shujaa, mtu wa duka tu kuishtaki serikali nzima kwa ajili ya binti si jambo dogo. Mimi nasema ni katili, baba gani atoa bunduki kwa mkwewe na kumkataa mwanawe hadi kufa? Nani ana haki? — Mama Swafiya, Mombasa

Waaleikum salaam. Mumeo amekosea, lakini si kwa hiyo sababu ya bunduki unayoitoa wewe. Bunduki imekuja mwishoni, na wewe unataka kuanzia hapo. Turudi nyuma, tuanzie mahakamani, pale mumeo anapompigia makofi.

Abraham alisimama pale kudai nini? Hakusema hata mara moja kwamba ni uovu kuwapanga watoto kwa rangi. Alisema mtoto wake amewekwa kwenye foleni isiyo yake. Kisheria hiyo ni kesi ya kurekebisha makosa ya karani. Angeshinda au angeshindwa, foleni zilibaki palepale, na asubuhi iliyofuata alirudi dukani kwake kuwauzia watu weusi unga na mafuta, akiwaita na kuwaagiza kama kawaida. Alimpenda Sandra, hilo silipingi, na Neill analionyesha vizuri hata ukamhurumia. Ila alichokipigania ni yule Mzungu aliyemwona ndani ya mtoto.

Sheria yenyewe inafaa uijue, maana bila hiyo hutaelewa wasiwasi wa nyumba ile. Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950 haikupima damu. Ilimtambua Mzungu kwa sura yake na kwa jinsi watu wanavyomchukulia. Soma tena hapo: jinsi watu wanavyomchukulia. Yaani maneno ya jirani yalikuwa ushahidi. Katika miaka ya mwanzo mtu baki kabisa aliweza kupeleka pingamizi dhidi ya rangi ya mwenzake, na bodi ikaketi, ikamwita, ikamkagua. Wakaguzi walikuwa na mchezo wao wa penseli, ambao haumo katika sheria yoyote: inachomekwa kwenye nywele, ikianguka umepona, ikinasa umekwisha. Filamu inauonyesha, na mtoto amekaa kimya akisubiri penseli iamue.

Serikali yenye sheria ya namna hiyo haihitaji askari wengi, kila nyumba inajilinda yenyewe. Ni nani aonekane akiingia kwenu, mtoto acheze na nani, akae juani kiasi gani, nywele zisukwe vipi, aende harusi ya nani. Bibi na babu wanakuwa maafisa. Kaka anakuwa afisa. Abraham alikuwa afisa mkali kuliko wote kwa sababu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Mwaka 1967 sheria ikabadilishwa, ikaweka asili ya wazazi mbele: mtoto wa Wazungu wawili ni Mzungu, hata akiwa na sura gani. Wengi wanayahusisha mabadiliko hayo na kelele za kesi hii. Mzee akashinda. Na mle shuleni na mitaani hakuna mtoto wa Kizungu aliyetaka kukaa na Sandra, karatasi au bila karatasi.

Halafu binti anampenda Petrus. Jiweke kwenye viatu vya mzee: umeuza heshima yako, umefanywa kichekesho magazetini, mkeo ameitwa malaya, yote ili mtoto apate karatasi moja. Yeye anaondoka na karatasi hiyo kwenda kuishi na mwanamume mweusi, anaonyesha kwa miguu yake kwamba hana haja nayo. Bunduki ilitoka hapo. Ni hesabu ileile ya mahakamani, imefikishwa mwisho.

Wewe na mumeo nadhani mmemsahau Sannie. Mimi ndiye ninayemwangalia. Anataka kumwona mwanawe, anataka kumshika mjukuu, na anamwogopa mumewe kuliko anavyoiogopa serikali. Alice Krige ni mzaliwa wa Upington, kaskazini ya Rasi, na sidhani kama kuna mtu aliyehitaji kumfundisha jinsi mama wa Kikaburu anavyonyamaza mezani.

Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha sita, nasoma historia. Sijaelewa kitu kimoja: serikali ilishamrudishia Uzungu, ambao ulikuwa na faida zote. Kwa nini baadaye akaomba mwenyewe kuwa chotara? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake liko katika sheria tatu zinazoshikana mikono.

Ya kwanza, ya 1949, ilipiga marufuku ndoa kati ya Mzungu na asiye Mzungu. Ya pili, ile waliyoiita ya Uasherati, ilikuwapo tangu 1927 na ikapanuliwa 1950: ilifanya kulala pamoja tu kuwa kosa la jinai. Ya tatu, ya Maeneo ya Makundi ya 1950, ilimwambia kila mtu aishi wapi kufuatana na rangi iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Mweke Sandra katikati ya hizo. Kwa karatasi ni Mzungu. Mwanamume wake ni mweusi: hawawezi kufunga ndoa, na kila usiku wakilala wanavunja sheria. Watoto wao si Wazungu: mama Mzungu hana ruhusa ya kukaa eneo la weusi, na watoto hawana ruhusa ya kukaa eneo la Wazungu. Alikuwa katika hatari ya kunyang'anywa watoto aliowazaa. Uzungu wake ulikuwa na faida zote isipokuwa ya kuwa na familia.

Angalia pia upande mmoja wa ile sheria ya ndoa ambao vitabu vyenu mara nyingi hupita bila kusimama. Chotara na Mwafrika hawakukatazwa kuoana. Mhindi na chotara hawakukatazwa. Ukuta ulijengwa kumzunguka Mzungu peke yake. Wengine wakichanganyika serikali haikujali, ilijali wanalala mtaa gani tu. Kwa hiyo kushuka daraja moja kulitosha kumweka Sandra upande wa watoto wake. Akaomba. Baba, ambaye kwanza alihitajika kutoa idhini, akakataa. Fikiria: yule aliyekwenda mahakamani kupinga mtoto asiitwe chotara ndiye aliyekataa asiitwe chotara kwa hiari yake. Baadaye sana, mtu mzima tayari, ndipo alipobadilishiwa. Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1980 mamia ya watu walikuwa wakibadilishiwa rangi kila mwaka, na takwimu zao zikisomwa bungeni kama mazao ya msimu: machotara kadhaa wamekuwa Wazungu, Wahindi kadhaa wamekuwa machotara.

Mimi ni mtu wa Morogoro, na mlango wa pili kwetu ulikuwa Mazimbu. Pale ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walipewa shamba la zamani la mkonge mwaka 1977, wakajenga shule yao ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976. Tangu 1992 imerudi mikononi mwa Tanzania na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kulikuwa na mama mmoja mle aliyependa mandazi ya mama yangu, akija anakaa na sisi jikoni. Alikuwa na dada wa baba mmoja mama mmoja huko Cape Town. Dada alikuwa mweupe zaidi, akaomba karatasi, akapewa, akaolewa upande wa pili. Walikubaliana kwamba wakikutana mjini hawatasalimiana. Alisema alikuwa anamwona ng'ambo ya barabara na mtoto wake mkononi, naye anageukia dirisha la duka kuangalia viatu. Hakulia alipokuwa akisimulia. Aliomba maji ya kunawa. Tangu siku hiyo sijawahi kuziona sheria hizi kama mambo ya bungeni.

Kwa mtihani wako: marufuku ya ndoa na ile ya uasherati zilifutwa 1985, sheria za pasi, kile kitabu alicholazimishwa Mwafrika kutembea nacho, 1986, usajili wa rangi na maeneo ya makundi 1991. Mchekeshaji Trevor Noah alizaliwa Johannesburg 1984, mama Mxhosa na baba Mswisi, kwa hiyo alizaliwa wakati mapenzi ya wazazi wake bado ni kosa la jinai. Mfano huo wasahihishaji wataupenda. Ya mama wa mandazi usiwaandikie.

Naweza kuitazama na watoto wa darasa la tano? — Baba, Nakuru

Subiri kidogo. Kuna kipigo, kuna bunduki, na kuna mambo ya chumbani. Ila nusu saa ya kwanza, ya shule, waonyeshe ukiwa nao, halafu zima na mzungumze. Watoto wa umri huo wanaielewa ile sehemu ya bweni kuliko sisi.

Salaam kutoka Muscat. Wazee wangu ni wa Unguja. Nimeitazama, nimesikitika, lakini kwa kweli sikuona inavyotuhusu sisi Waswahili. Ni ugomvi wa Makaburu na watu wao. — Msomaji, Muscat

Salaam ziwafikie na wazee. Wewe wa Unguja ndiye hasa ninayetaka kukujibu.

Durban kuna jamii inayoitwa Wazanzibari mpaka leo. Kati ya 1873 na 1880 manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini kwetu, na mamia ya watu waliookolewa humo hawakurudishwa makwao. Walipelekwa Natal, jimbo lenye mji huo wa Durban, kufanya kazi kwa mkataba. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, ila walipitia Zanzibar na jina likawaganda. Waislamu. Wakakaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff kando ya bandari, wakajenga msikiti, wakazika watu wao.

Ikaja 1950 na rejista ya rangi. Makarani wakakuna vichwa: hawa ni weusi, lakini si Wazulu, wana majina ya Kiislamu, wanaoana na Waislamu. Waliwapanga hivi, wakawapangua, wakawapanga vile. Mwisho wakawaandika katika fungu la Waasia Wengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishwa kutoka Bluff, iliyotangazwa kuwa ya Wazungu, wakapelekwa Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Wamakua, watu ambao binamu zao wako Nampula na Mtwara, wakawa Waasia kwa muhuri. Na usidhani walilia tu: Mwasia hakubeba pasi, Mwafrika aliibeba. Ndugu wa kijiji kimoja, mmoja alikuja Natal kwa jahazi lililokamatwa na mwingine akaja baadaye kwa miguu kutafuta kazi migodini, mmoja akawa Mwasia na mwingine mtu wa pasi. Hiyo ni bahari yetu, na majahazi yetu.

Na huku bara, muulize mzee yeyote wa Dar es Salaam wa umri wa kutosha. Hospitali ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani 1897, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda Sewa Haji. Mji uligawanywa kanda: pwani ya kaskazini nyumba za Kizungu, katikati Uhindini, Kariakoo ya Waafrika, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuwatenga. Shule za Tanganyika ziligawanyika kwa rangi mpaka baada ya Uhuru. Ni mwaka 1962 ndipo zilipounganishwa. Kenya wanaume walining'iniza kipande, yaani kitambulisho, shingoni katika kopo la bati. Tofauti iliyopo ni kwamba huku hakuna bodi iliyokaa kumchomeka mtoto penseli kichwani. Kwetu mkoloni aliona inatosha kukuangalia kwa macho.

Yule aliyeigiza Sandra nimemwona wapi? Na mbona wanaongea Kiingereza nyumbani, si ni Makaburu? — Fundi simu, Kigoma

Umemwona Hotel Rwanda ya 2004, ndiye mke wa meneja wa hoteli, na alipendekezwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Ni Mwingereza, baba yake Mnaijeria. Alikuwa amepita sana umri wa msichana wa miaka 15 alipoigiza sehemu za Sandra wa ujana, na mimi naona, ingawa wengi hamlalamiki.

La lugha uko sahihi kabisa. Nyumba ya Laing ilikuwa ya Kiafrikaans asubuhi hadi usiku. Wamenyunyiza maneno mawili matatu, basi. Fedha za filamu zilitaka watazamaji wa nje. Hasara yake ni kwamba Sandra anapokwenda kwa watu wa Petrus na kukuta lugha nyingine, sisi hatuhisi jinsi alivyofunga safari ndefu. Msichana aliacha mpaka lugha ya kuombea.

Kaka zake je? Na mama alimwona tena? Nimeona mwisho wa filamu nikadhani wametupaka asali. — Muuguzi mstaafu, Iringa

Dada yangu, asali ipo kidogo lakini tukio ni la kweli. Abraham alikufa 1988 bila kupatana naye. Sannie alikuwa ametoweka kwenye maisha ya Sandra miaka mingi. Mwaka 2000 alipatikana akiwa katika nyumba ya kulelea wazee, wakaonana, na mama akafariki 2001. Muda waliopata ulikuwa mfupi kiasi hicho. Filamu imefanya vizuri kuuachia pale.

Kaka zake walikataa kumwona. Hilo ndilo lililonikaa zaidi. Kipindi hicho sheria zote zimekwisha kufutwa, Mandela amekwisha kuchaguliwa na kustaafu, hakuna afisa wa kumshtaki mtu kwa kumsalimia dada yake. Filamu inaanzia siku ya uchaguzi wa 1994, Sandra akiwa mfanyakazi wa kiwandani, waandishi wanamuuliza anajisikiaje sasa nchi imebadilika. Mwulize na kaka.

Mwalimu, filamu ni nzuri mpaka Petrus anapoanza kulewa na kupiga. Kwa nini kila wakitengeneza filamu ya kutuhurumia, mwanamume mweusi lazima aishie hapo? — Dereva wa lori, Tunduma

Dereva, hili nimeliweka mwisho kwa sababu nakuunga mkono zaidi ya nusu.

Kuvunjika kwa maisha yale hakukutungwa. Sandra kweli alimwacha Petrus, akabeba watoto na kwenda kuanza upya. Kipigo sikitetei kwa mtu yeyote, na mwanamke alifanya vyema kuondoka. Kwa hiyo mwongozaji hana kosa la kulionyesha. Ninachomdai ni muda. Abraham amepewa saa nzima kuharibika. Tunaona kila hatua: barua ya shule, kikao, magazeti, aibu, ushindi mtupu, bunduki. Akifika kwenye ukatili tunajua umetoka wapi, hata mume wa Mama Swafiya amekuwa shabiki wake. Petrus anaharibika kati ya tukio moja na jingine. Tingatinga linakuja, linabomoa nyumba yao kwa sababu eneo limetengwa kwa watu wengine, vumbi linatulia, na mara jamaa ana chupa mkononi.

Katikati ya hapo kuna filamu nzima. Mtu aliyekuwa na biashara ya mboga, gari, wateja mpaka kwa Wazungu, sasa yuko katika makazi ya kupangiwa, mbali na barabara na soko. Kila anapotaka kwenda kutafuta riziki anahitaji muhuri kwenye kile kitabu cha pasi. Mkewe si mke kisheria. Ndugu zake wamebomolewa pamoja naye, na bila shaka wapo waliosema nyumbani tungekuwa salama usingetuletea binti wa Kaburu. Tony Kgoroge ni mwigizaji mkubwa, angeyabeba yote hayo usoni bila maneno, lakini amepewa dakika za kubadilika tu, hakupewa za kuteseka. Mimi ningepunguza vile vikao vya mahakama, ambavyo vimewekwa vingi ili mgeni wa London aelewe sheria, nikampa Petrus asubuhi moja tu baada ya tingatinga: ameamka wapi, amekwenda kuomba kazi kwa nani, ameulizwa karatasi gani, na amerudi saa ngapi.